Chuma kinaongezeka, mwangwi unapungua: silaha za nje kwenye ndege inayokwepa rada

Watu wanaopenda ndege za vita hubishana sana juu ya bomu: lina umbo gani, limepakwa nini, linaweza kufichwa au haliwezi. Mimi huwauliza swali jingine. Shingo yake iko wapi? Bomu, kombora au tangi la mafuta halielei lenyewe chini ya bawa. Linashikwa na piloni, kile kipande kirefu cha chuma kinachoshuka kutoka kwenye bawa, na ninashikilia kwamba kazi yote ngumu ya kubeba silaha nje ya ndege inayokwepa rada iko hapo shingoni: pale piloni inapokutana na bawa, pale bomu linapokutana na piloni, na pale panapobaki wazi bomu likishaondoka.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu mtoto wa dada yangu aniletee mchoro wake. Anasoma politekniki hapa Lubumbashi, kwenye chuo kikuu chetu, UNILU, na kichwa chake kimejaa ndege. Mchoro nitaufikia. Kwanza hesabu, maana bila hesabu hii mazungumzo ya ndege hizi yanabaki maneno ya nganda, ya kwenye baa.

Wimbi la rada likitoka kwenye antena linasambaa kadiri linavyokwenda. Likigonga ndege, sehemu ndogo inarudi, na hiyo nayo inasambaa njia nzima ya kurudi. Kwa hiyo nguvu inayofika tena kwenye rada inapungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukiigeuza hesabu hiyo, umbali ambao rada inaweza kukuona unakwenda na kipeuo cha nne cha mwangwi wako. Punguza mwangwi wa ndege mara 16, rada itaiona kwa nusu tu ya umbali wa mwanzo. Ukitaka ionekane kwa sehemu moja ya kumi ya umbali huo, lazima mwangwi upungue mara 10,000. Ndiyo maana wasanifu wa ndege hizi wanafuatilia kila skrubu na kila ufa wa mlango: kupata faida kidogo ya umbali wanalipa gharama kubwa mno ya mwangwi.

Sasa ipindue upande wa pili. Tuseme ndege imesanifiwa vizuri na rada fulani inaiona ikiwa kilomita 30. Mtu akaja, akaning'iniza chini ya bawa kitu kinachouzidisha mwangwi mara 100. Kipeuo cha nne cha 100 ni 3.16, basi rada ile ile itaiona ndege kwenye kilomita 95. Ndege inayokwenda kilomita 15 kwa dakika imewapa watu wa makombora ya ardhini zaidi ya dakika nne ambazo hawakuwa nazo. Dakika nne kwao ni muda wa kutosha kuwasha mitambo, kulenga na kurusha.

Je, kuzidisha mara 100 ni kazi ngumu? Hapana, na hapo ndipo wengi wanashangaa. Chukua kibati cha sentimita 10 kwa 10, bapa kabisa, ukielekeze uso kwa uso na rada ya gigahezi 10, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 3. Kanuni ya bati bapa ni nne pai mara eneo kwa kipeo cha pili, ugawe kwa urefu wa wimbi kwa kipeo cha pili. Jibu ni kama mita mraba 1.4, maana mwangwi hupimwa kwa eneo. Kibati ambacho ungekifunika kwa kiganja kinarudisha mwangwi sawa na tufe la chuma lenye kipenyo cha mita 1.3. Fanya upande wake uwe sentimita 20, mwangwi unaruka mara 16, unapita mita mraba 22. Lakini kiinamishe kile cha kwanza nyuzi tisa hivi, na mwangwi mkuu unapita pembeni, rada iliyo mbele inabaki na masalia tu. Chuma ni kile kile, ukubwa ni ule ule. Kilichobadilika ni uso unatazama wapi.

Mimi sijifunzi mambo haya kwenye ndege. Ni fundi wa vipimo katika kiwanda cha kuchenjua shaba, na rada ninazoshughulika nazo kila siku zimefungwa juu ya matangi, zikitazama chini. Za zamani zinafanya kazi kwenye gigahezi 26, mpya kwenye 80. Zinatuma wimbi, linagonga uso wa tope au wa asidi, linarudi, na mtambo unahesabu muda ili kujua tangi limejaa kiasi gani. Adui yetu ni mwangwi wa uongo. Ndani ya tangi kuna ngazi, kuna boriti za kushikilia kikorogeo, kuna mishono ya kulehemu. Boriti moja iliyolala bapa chini ya rada inatosha kuudanganya mtambo mzima: tangi linakaribia kuwa tupu, na kioo kinasema kimo kimesimama palepale penye boriti.

Dawa yake ni nzuri hata kuitazama. Mara nyingi hatuikati boriti, maana inashikilia kitu. Tunalehemu juu yake kipande cha bati kilichoinama kama paa la mgongo mmoja. Nilikuwa nimeshika kompyuta juu ya tangi siku mzee wetu wa kulehemu alipomaliza kushona bati la namna hiyo. Kabla yake, mstari wa mwangwi kwenye kioo ulikuwa na kilele kikali penye boriti, kirefu kuliko kile cha tope lenyewe. Baada yake kilele kile kilikuwa kimelala, kimebaki kivimbe tu, na cha tope kimesimama peke yake. Boriti ilikuwa bado ipo. Tena tulikuwa tumeongeza chuma ndani ya tangi, na mwangwi ukapungua.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alibebe anapoangalia picha za ndege hizi. Kuficha silaha iliyo nje ni kazi ya kuongeza chuma mahali pake.

Turudi kwenye bomu la kawaida ili tuone kinachofichwa. Mk 84 ya Wamarekani ina uzito wa kilo 900 na kitu, na kipenyo cha sentimita 46. Ukiitazama kwa mbele, pua yake ya mviringo haisemi mengi. Ukiitazama kwa ubavu, mambo yanageuka. Silinda ya chuma ya kipenyo hicho, ikiwa na urefu wa mita 2 tu ulionyooka, kwenye gigahezi 10 inarudisha mwangwi wa mita mraba zipatazo 190 kwa rada iliyo ubavuni kabisa. Nyuma ya bomu kuna mapezi manne yanayokutana kwa pembe mraba, na pembe mraba ni rafiki mkubwa wa rada kuliko bati bapa. Bati bapa linarudisha wimbi likitazamwa uso kwa uso tu. Bati mbili zilizokutana kwa nyuzi 90 zinapokezana: wimbi linagonga ya kwanza, linarukia ya pili, linarudi lilikotoka, hata ukisogea huku au kule. Bati tatu zikikutana kama kona ya chumba, zinarudisha wimbi karibu kokote utakakosimama mbele yake. Mashua ndogo za baharini hubeba kona za namna hiyo mlingotini kwa makusudi ili meli kubwa zizione.

Halafu iangalie shingo yenyewe. Bomu lina masikio mawili ya chuma mgongoni. Kwa viwango vya NATO yanaachana sentimita 35.6 kwa mabomu mepesi na 76.2 kwa mazito. Ndani ya piloni kuna kulabu mbili zinazoshika masikio hayo. Pembeni yake kuna vikono vinavyobana mgongo wa bomu kulia na kushoto lisiyumbe ndege inapogeuka. Kuna mitutu inayolisukuma bomu chini kwa nguvu wakati wa kuachia, kwa sababu kwenye mwendo mkubwa hewa inaweza kulirudisha bomu likapiga bawa lililolibeba. Kuna kebo ya umeme inayozungumza na bomu hadi dakika ya mwisho, na waya wa kuamsha fyuzi, yaani kiwashio cha bomu. Kila kimoja kina ncha, tundu, kivuli na kona. Katikati ya bomu na piloni kuna mwanya wa sentimita chache ambamo wimbi linaingia, linagongagonga, na linatoka upande usioutarajia. Na piloni yenyewe ni ukuta ulionyooka ulioshuka kwa nyuzi 90 kutoka kwenye dari ya bawa. Hiyo ni kona ya bati mbili, yenye urefu wa mita kadhaa, inayotazama ubavuni. Hata ukining'iniza kombora lenye umbo safi kuliko yote duniani, kona hiyo inabaki.

Jibu la kwanza la dunia lilikuwa kuweka kila kitu tumboni. Mwaka 1962 Pyotr Ufimtsev alichapisha Moscow kazi yake ya kihesabu juu ya namna mawimbi yanavyotawanywa na kingo. Miaka ya sabini Wamarekani wa Lockheed waliitumia kutengeneza programu ya kukokotoa mwangwi wa umbo la bapa-bapa, na ndege ya majaribio, Have Blue, ikaruka mwaka 1977. Kutoka hapo ikaja F-117, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1981. Ilibeba mabomu mawili tu, yote tumboni. Mawili, kwa ndege yenye urefu wa mita 20! Usanifu ulikuwa wa kishujaa, lakini bei yake mnaiona. F-22, nayo ya Wamarekani, ikafika kwenye makombora sita ya AIM-120 tumboni na AIM-9 mawili kwenye vyumba vya ubavuni, yote ya kupiga ndege nyingine. F-35A kwa jumla inaweza kubeba zaidi ya tani 8 za silaha, lakini za tumboni ni tani 2.6 hivi. Sehemu kubwa ya uwezo wake iko nje, kwenye piloni za kawaida, na akizifunga hizo rubani anajua ameacha kujificha.

Chumba cha tumboni nacho hakikuja bila maumivu. Kinapanua ndege, kinakula nafasi ya mafuta, na mlango ukifunguka kwenye mwendo mkubwa hewa inapita juu ya shimo na kulifanya lilie, kama mtoto anayepuliza juu ya mdomo wa chupa, isipokuwa kilio hiki kina nguvu ya kupasua ribiti na kuharibu vifaa vya kombora. Wasanifu huweka vizuizi vidogo kwenye ukingo wa mbele wa shimo ili kuuvunja mkondo wa hewa. Na muda wote mlango uko wazi, ndege ina shimo la kona tupu tumboni. Ndiyo maana F-22 hufungua na kufunga ikirusha kombora kwa chini ya sekunde moja, na J-20 ya China imetafuta ujanja mwingine kwa makombora yake ya ubavuni: kombora linatolewa nje kwenye reli yake, mlango unajifunga nyuma yake, kombora linabaki nje likisubiri amri. Ujanja huo naupenda. Wamekubali mwangwi wa kombora moja jembamba kuliko mwangwi wa shimo lote.

Hapo ndipo kazi ya kubeba nje ilipoanza kuwa sayansi yake yenyewe. Hatua ya kwanza ni ya zamani kuliko kukwepa rada: kuizamisha silaha nusu kwenye tumbo la ndege. F-4 Phantom ilibeba makombora yake manne ya Sparrow hivyo, Eurofighter inabeba makombora yake manne vivyo hivyo. Walifanya kwa ajili ya hewa, kupunguza ukinzani, lakini rada nayo inafaidika kwa sababu shingo haipo kabisa. KF-21 ya Korea Kusini, iliyoruka Julai 2022, imechagua njia hii kwa toleo lake la kwanza: makombora manne ya Meteor yamelala kwenye mifereji tumboni. Watu wanaicheka kwamba ni ndege ya kukwepa rada isiyo na chumba cha silaha. Mimi siicheki. Wameondoa piloni nne kwenye hesabu, na hayo ni mengi.

Hatua ya pili ni kasha. Hapa ndipo ninapouona mkono wa mzee wetu wa kulehemu. Boeing mwaka 2010 waliirusha F-15 Silent Eagle, F-15 yenye matangi ya ubavuni yaliyobadilishwa kuwa vyumba vya silaha vilivyobandikwa mwilini. Mwaka 2013 wakairusha Super Hornet iliyoboreshwa ikiwa na kasha moja kubwa tumboni: sanduku lenye pande zilizoinama, lenye mlango wake, linalomeza makombora manne ya AIM-120 au mchanganyiko wa makombora na mabomu. Makombora manne yana mapezi mengi, pua nne, shingo nne, mianya minne. Kasha moja lina uso mmoja uliolainishwa, na kingo zake unaweza kuzielekeza unakotaka. Uzito uliongezeka na chuma kiliongezeka, lakini mwangwi ulitarajiwa kushuka kuliko silaha zile zile zikiachwa uchi. Jeshi la Wanamaji la Marekani halikulinunua. Nasikitika, kwa sababu wazo lilikuwa sahihi kabisa kwa ndege ambayo tayari ipo na haiwezi kuchimbwa tumbo upya.

Kuna kasha moja lililofanikiwa, na ajabu ni kwamba watu hawalitaji. F-35A ina bunduki ndani ya mwili. F-35B na F-35C, ndugu zake, hazina. Zinabeba bunduki ya milimita 25 kwenye kasha la nje, chini ya tumbo, lenye risasi 220. Linatengenezwa na Terma ya Denmark. Tafuta picha yake uitazame kwa makini. Hakuna shingo. Mgongo wa kasha umekatwa kufuata tumbo la ndege, umebanwa hadi mwanya haupo. Pande zake zimeinama. Hakuna ukuta wima, hakuna duara la silinda. Kingo za milango yake zina meno ya msumeno, na meno hayo hayakuwekwa kwa urembo: ukingo ulionyooka kukatiza njia ya wimbi linalotoka mbele unarudisha mwangwi mbele, ule ulioinama unaupeleka pembeni, kwenye pembe zile zile ambazo kingo za mabawa tayari zinapeleka ya kwao. Huo ndio usanifu wa kingo sambamba. Ndege haiwezi kuua mwangwi wote, basi inaukusanya kwenye miale michache myembamba na kuielekeza mahali ambapo rada itaiona kwa sekunde moja kisha kuipoteza. Mzigo wa nje unaoheshimu pembe za ndege unajificha ndani ya miale iliyopo. Mzigo usioziheshimu unaanzisha miale yake.

Mpwa wangu alikuwa amechora kasha la kwake chini ya tumbo, makombora manne ndani, kazi safi ya kompyuta. Nikamwomba aligeuze tulione kutoka mbele. Kasha lilikuwa zuri. Lakini lilining'inia kwenye piloni mbili fupi, zimenyooka kama kuta za nyumba.

"Mujomba, mbona unaangalia tu mahali pa kushikia? Kasha nimeliinamisha pande zote."

"Kwa sababu rada nayo itaangalia hapohapo. Ziinamishe nazo."

"Zikiinama zitabeba uzito?"

Swali zuri, na ndilo swali la kweli la kazi hii. Piloni iliyosimama wima inabeba uzito kwa njia fupi kabisa. Ukiiinamisha, uzito unaivuta kwa pembeni, boliti za juu zinafanya kazi ngeni, chuma kinatakiwa kiwe kinene. Ndege ikigeuka kwa nguvu, bomu la kilo 900 linavuta kama tani kadhaa. Na mitutu ya kusukuma lazima ilitupe bomu mbali na bawa, si kuliburuza kando yake. Fundi wa miundo anavuta huku, fundi wa mawimbi anavuta kule, na fundi wa hewa anawaambia wote wawili kwamba shingo nene itaongeza ukinzani. Tukakaa mezani jioni nzima. Alichokuja nacho mwishoni ni kuacha mhimili wima mwembamba ndani, na kuuvalisha ganda la nje lenye mbavu zilizoinama, lililojaa hadi kwenye tumbo bila mwanya. Ndani nguvu, nje umbo. Kwa mwanafunzi, nililipenda jibu hilo sana.

Nikamuuliza la mwisho: makombora yakiisha, au kasha likitupwa, kinabaki nini? Hakuwa amekichora. Wengi hawakichori. Bomu likiondoka, tumbo la piloni linabaki limefunguka: kulabu, mitutu, tundu la kebo, vikono vinavyobana hewa. Ndege ambayo imekwisha kutupa mzigo wake, na ambayo sasa inahitaji kujificha kuliko wakati wowote maana imekwisha kupiga na kila mtu anaitafuta, inarudi nyumbani na mwangwi mbaya kuliko ilivyokuja. Jibu la F-22 kwa matangi yake makubwa ya mafuta ni kali: tangi na piloni vyote vinaweza kutupwa pamoja, bawa libaki safi. Ni gharama, kwa sababu unatupa chuma cha bei, lakini ni jibu la mtu aliyeifikiria safari hadi mwisho wake.

Mwaka 2022 zilionekana picha za F-22 ikijaribiwa na matangi mapya membamba na vikasha vidogo chini ya mabawa, vyenye pua za bapa-bapa. Mpango wa matangi hayo ni kupunguza ukinzani na mwangwi pamoja, ili ndege iende mbali bila kuyatupa. Mashabiki wengi walizungumza juu ya macho ya infraredi, yale yanayoona joto, yaliyodhaniwa kuwa ndani ya vikasha. Mimi nilikuza picha pale juu, kwenye makutano na bawa.

Kuna jambo moja ambalo kuinamisha na kupaka rangi ya kufyonza mawimbi hakuliwezi vizuri, na lazima nilitaje kwa sababu linagusa piloni moja kwa moja. Rada za mawimbi marefu, kama P-18 ya Kisovyeti, zina mawimbi yenye urefu wa mita 2 hivi. Kwa wimbi hilo, piloni au pezi la mita moja halionekani kama bati lenye uso wa kuelekeza. Lina ukubwa wa nusu wimbi, linatetema lote kama antena na kutoa mwangwi kila upande. Kikosi cha Serbia kilichoidungua F-117 tarehe 27 Machi 1999, kwa kombora la S-125, kilikuwa na rada ya aina hiyo. Dhidi ya mawimbi hayo, kasha lililobanwa na mwili linapata nafuu kwa sababu linakuwa sehemu ya mwili mkubwa. Piloni nyembamba iliyochomoza peke yake haina nafuu yoyote.

Kwa sisi wa huku, ndege za vita zenye kila kitu nje ni historia ya familia. Mwaka 1961, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, Fouga Magister, ndege ndogo ya jeti ya Katanga iliyokuwa imejitenga, ilikuwa ikiruka kutoka Kolwezi na kuwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, nao hawana rada ya kuwaonya wala ndege ya kuizuia. Wasweden wakaleta ndege zao za vita za Tunnan, kikosi kilichoitwa F 22 (jina tu, si ndege ile ya Wamarekani), na kabla ya mwaka 1963 kuanza walikuwa wamezivunja ndege za Katanga zikiwa chini, uwanjani Kolwezi. Wazee wetu walizijua ndege hizo kwa mlio, wakakimbilia chini ya vitanda. Siisahau sehemu hiyo ninapofurahia hesabu hizi, na mpwa wangu nimemsimulia pia, yeye aliyezaliwa baada ya hayo yote.

Na kwa anayedhani kujificha ni kitu cha kudumu: wakati wa amani F-22 na F-35 hufungwa kwa makusudi vifundo vidogo mwilini, lenzi za Luneburg, vinavyorudisha wimbi lilikotoka, ili waongozaji wa ndege za kiraia wazione na ili mtu mwingine asijifunze mwangwi wao wa kweli. Kifundo cha ukubwa wa ngumi kinatosha kuifuta kazi ya viwanda vizima. Nani atashangaa basi piloni ikifanya vilevile?

Mpwa wangu sasa anachora mlango wa kufunika tumbo la shingo baada ya kasha kuondoka: kifuniko cha chemchemi, chenye meno ya msumeno, kinachojifunga chenyewe kulabu zikiachia. Nimemwambia ahesabu kwanza hewa ya mwendo wa juu itakifanyia nini kabla hakijamaliza kujifunga, kwa sababu kifuniko kilichokwama nusu wazi ni kona mpya iliyotazama mbele. Amechukua kalamu, ameanza na nguvu za chemchemi.